Barua Isiyosainiwa Haijafika

Mimi ndiye niliyemshauri fundi wetu akimbilie Sange, kule bondeni. Kesho yake mchana nilikuwa nyuma ya pikipiki nikishuka milima ya Ngomo kwenda kumrudisha, na njia nzima nilikuwa nikihesabu saa zilizobaki kufika Ijumaa, saa sita.

Wakati huo nilikuwa na miezi saba katika kiwanda kimoja cha kahawa, hapa Bukavu, upande wa mji unaotelemka ziwani. Kwangu mimi miezi saba ilikuwa mingi. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na tangu hapo nimebeba mizigo soko la Nyawera, nimepakia mchanga, nimechanganya saruji kwenye majumba ya Muhumba, nimeshika taa kwa mpiga picha za vitambulisho. Sikuacha kazi hizo kwa ubaya wake. Niliacha kila moja siku nilipoona nimeshaielewa. Pale kahawani nilishona midomo ya magunia kwa sindano kubwa, kazi ambayo mtu anaielewa kabla ya chakula cha mchana. Kilichonishika ni mashine ya kukoboa, na mtu aliyeitunza.

Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mtaratibu. Tulimwita fundi, au papa fundi mbele ya wageni. Mashine ilikuwa ya zamani kuliko wengi wetu. Yeye aliiwekea kiganja ubavuni, kama mama anavyopima homa, kisha akasema ni kitu gani kitavunjika na siku gani. Nilimchosha kwa maswali, naye alinijibu yote, hata yale ya kipumbavu.

Kwa miaka sita alikuwa mfanyakazi wa kutwa, kama mimi. Kila asubuhi tulisimama mlangoni, mlinzi akasoma majina kwenye karatasi. Ukiitwa, unaingia. Usipoitwa, unarudi nyumbani na chakula chako mkononi. Kwa miaka sita jina lake lilisomwa kila siku, na kila siku alisimama pale na kofia mkononi kana kwamba leo huenda lisisomwe. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wale waliokuwa na mkataba walipewa karatasi ya matibabu, na familia zao zilipokelewa hospitali kwa karatasi hiyo. Fundi hakuwa nayo. Hakulalamika, ila nilimwona mara nyingi akiangalia mikono ya wenye mkataba walipokuwa wakizikunja karatasi zao na kuzitia mfukoni.

Sasa nieleze jambo la barua, maana bila hilo tutaonekana wajinga kuliko tulivyokuwa.

Mwaka uliotangulia, kabla sijafika, mkuu wa wafanyakazi wa zamani aliwatoa watu kazini kwa namna moja tu. Planton, yaani yule baba anayezungusha barua za ofisi, alishuka uwanjani na bahasha ya kaki na daftari la kusaini. Ndani ya bahasha karatasi ilisema mistari miwili: fika ofisini bila kukawia. Haikusema sababu. Aliyefika alirudi amebeba vitu vyake kwenye mfuko. Kisha mtu mmoja, hakuna aliyekumbuka nani, alisimulia kwamba ndugu yake katika kampuni nyingine alishinda kesi kwa mkaguzi wa kazi kwa sababu hapakuwa na saini yake kwenye daftari. Hadithi hiyo ikawa sheria yetu. Barua isiyosainiwa haijafika.

Basi watu walijifunza kukwepa. Planton mwenyewe alikuwa mtu wetu. Akitoka ofisini na bahasha ya kaki, alianza kukohoa tangu kwenye ngazi. Alitembea polepole, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, "Niko natafuta fulani, fulani iko wapi?" Fulani alikuwa na muda wa kutosha kupita nyuma ya magunia na kutokea upande wa choo. Planton aliandika kwenye daftari kwamba hakumwona, akarudi juu bila haraka. Nilipofika nilisimuliwa haya siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuonyeshwa maji ya kunywa yako wapi.

Mkuu yule aliondoka. Mahali pake alikuja mama kijana, mtoto wa familia ya watu waliosoma. Alikuja kwa miguu kutoka Muhumba na mwavuli wake, akasema bonjour mlangoni, akapanda ngazi. Hatukumjua zaidi ya hapo. Matangazo yake aliyabandika kwenye valve, ule ubao wenye kioo, na ubao huo ulikuwa ukutani karibu na mlango wake. Hakuna aliyesimama pale. Aliyeonekana karibu na mlango ule alidhaniwa amepeleka maneno ya wenzake. Mimi husoma hata gazeti lililofungiwa mandazi, lakini ubao ule niliupita nikiangalia viatu vyangu.

Jumanne asubuhi planton alianza kukohoa.

Safari hii aliuliza fundi iko wapi. Mama wanaochambua kahawa waliacha vidole vyao juu ya meza. Fundi alikuwa chini ya mashine. Nilimvuta mguu, nikamwonyesha njia ya magunia kwa kidevu, naye akaenda. Jumatano planton alirudi, bahasha ile ile, kikohozi kile kile. Safari hii fundi hakutaka kukimbia. Alisema kama wamemchoka, afadhali aambiwe usoni.

Mimi nikamkatalia. Nilimwambia kwamba akisaini amekwisha, na asiposaini hawawezi kitu. Nilimwambia aende kwa dada yake Sange hadi hasira ya ofisi ipite. Nilimwambia na kuzima simu, kwa kuwa mtu akipokea simu ya ofisi ni kama amesaini. Jambo hilo la simu nililitunga pale pale. Nilikuwa na sauti ya mtu anayejua, na yeye alikuwa na hofu. Mchana ule ule akaondoka.

Alhamisi mashine ilianza kupiga kelele ya mlio mwembamba, na kufikia saa tatu tuliizima. Ndipo mama wa ofisini akashuka ngazi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Alipita katikati ya meza za mama wachambuaji, wao wakamfuata kwa macho, akaja moja kwa moja kwangu.

"Papa fundi iko wapi?"

Nikasema amefiwa. Nikaongeza kwamba ni dada yake mkubwa, kule Sange. Uongo ukishaanza hutaka jamaa.

Alikaa juu ya gunia, na zile nguo zake safi. Nilidhani ataniuliza mazishi ni lini. Badala yake alifunika macho kwa mkono, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi mambo yameharibika, maana mkurugenzi anasafiri kesho, na kama fundi hajasaini kabla ya saa sita, nafasi inaenda kwa fundi mwingine wa mjini ambaye faili yake iko tayari mezani.

"Nafasi gani, maman?"

Aliondoa mkono usoni. "Unaniuliza nafasi gani? Mukataba yake. Niko naipigania tangu mwezi wa pili. Niliibandika ku valve wiki tatu sasa, na barua nimemutumia mara mbili. Juu ya nini munanikimbiaka?"

Sindano ilikuwa mkononi mwangu, na nakumbuka niliichoma kwenye gunia taratibu.

"Hakuna mutu alikufa, maman," nikasema. "Ni mimi nilimufukuza."

Nilimweleza yote: bahasha ya kaki, mifuko ya mwaka uliopita, kikohozi cha planton, simu niliyoizimisha. Nilingoja anigombeze. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba bahasha ya kaki ina maana hiyo. Nikasema hata mama wachambuaji wasiojua kusoma wanaijua. Akasema alikuta katoni nzima ya bahasha hizo kabatini siku alipoanza, akaona ni vibaya kuzitupa.

"Kumbe munanikimbia miezi yote hii, na mimi sijui ata kama niko nakimbiwa," alisema. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, nami nikapumua.

Alitaka kunipa ile barua nimpelekee. Nilimwambia fundi akiiona bahasha hiyo mkononi mwangu atavuka Ruzizi na tutamtafuta Burundi. Akaelewa. Aliniandikia namba yake ya simu kwenye kiganja, akanipa nauli, akasema nimpigie saa yoyote. Mambo ya wafanyakazi hayazungumzwi kwa simu, alisema, ndivyo alivyofundishwa. Lakini nipige.

Ngomo ni njia inayomfanya mtu asiye na dini akumbuke sala za utotoni. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tupu. Dereva wa pikipiki alikuwa akinisimulia habari za ndoa yake huku akiendesha kwa mkono mmoja. Kamanyola nikapata gari, na jua lilikuwa bado halijalala nilipofika Sange, kwenye lile joto la bondeni ambalo mtu wa Bukavu hulibeba begani kama koti la mwenzake.

Sikupata shida kumwona. Niliuliza kama kuna mtu wa Bukavu anayetengeneza mashine, nikaelekezwa. Alikuwa ameshafungua kinu cha mahindi cha jirani wa dada yake na kutandaza vipande vyake juu ya gunia. Aliponiona alifuta mikono, akauliza kama wametufukuza sote.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyosikiliza mashine, halafu akarudi kuokota parafujo zake.

"Hapana," alisema. "Jana ulisema nikisaini nimekufa. Leo unasema nisiposaini nimekufa. Nani amekununua?"

Nikaapa. Akasema kuapa hata planton anaapa. Dada yake, mama mnene mwenye kitenge cha njano, alikuwa akipepeta mchele pembeni, akaingilia bila kuinua macho.

"Huyu ndiye alikuambia uzime simu? Na wewe, muzee muzima, ukazima?"

"Yee anajua kusoma," fundi akasema, kama mtu anayejitetea.

"Anajua kusoma na hakusoma barua. Mi sijui kusoma na nisingeikimbia."

Nilikuwa nimekuja na habari ya kweli, na nilikuwa nimeshaharibu mdomo ambao ungeitoa. Niliangalia kiganja changu. Jasho lilikuwa limeanza kufuta namba, tarakimu ya mwisho ilikuwa tatu au nane. Nikajaribu tatu, akapokea mwanaume aliyekasirika. Nikajaribu nane.

Mama wa ofisini alipokea mara moja. Nilimwambia fundi yuko hapa na haniamini, na kwamba ana haki. Nikaiweka simu iseme kwa sauti, nikaiweka juu ya gunia katikati ya vipande vya kinu. Nikafikiri atasema mambo haya hayazungumzwi kwa simu. Kisha tukasikia karatasi ikifunguliwa.

Alisoma barua yenyewe ya kuajiriwa, yote kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, kwa sauti ile ya ofisi. Fundi aliinamia simu na uso mgumu. Alipomaliza, fundi akasema, "Maman, sema sasa kwa Kiswahili yetu."

Akasema. Alimwambia anachukuliwa kazi ya kudumu, fundi mkuu wa mashine, na kwamba mke wake na watoto wanaingia kwenye matibabu tangu siku ya kusaini. Alimwambia kwamba tangu mwanzo alikuwa akimwitia barua hiyo, na kosa ni lake kwa kumtumia mistari miwili mahali palipohitaji maneno haya. Sikuwahi kumsikia mkubwa wa kazi akisema kosa ni lake, wala sijui kama fundi aliwahi.

Fundi aliisogelea simu zaidi.

"Na majina ya asubuhi?" akauliza.

"Hapana, papa. Hautasimama tena ku mulango. Unaingia tu."

"Ata siku ya mvua?"

"Ata siku ya mvua."

Alichukua kofia yake chini, akaipangusa vumbi, akaivaa, akaivua tena. Mama wa ofisini akasema basi atamngojea kesho, na fundi amsalimie dada, amefurahi sana kusikia kwamba ako muzima.

"Juu ya nini nisiwe muzima?" dada akauliza.

Wote wawili wakaniangalia. Nililazimika kueleza kifo chake. Alinicheka hadi ungo ukamwanguka, na wakati wa chakula aliniwekea sahani akisema marehemu ndiye aliyepika.

Tuliondoka alfajiri, baada ya fundi kurudisha kinu cha jirani mahali pake, maana alikataa kukiacha wazi. Ngomo kulikuwa na lori limelala kukingama njia, na foleni ya magari nyuma yake. Tukashuka, tukapita kwa miguu kati ya tairi na ukuta wa mlima, tukatafuta pikipiki upande wa pili. Fundi alitaka kwanza asimame kuwaonyesha mafundi wa lori walikokosea. Nilimshika mkono wa shati hadi tukalipita.

Saa tano na nusu tulifika kiwandani. Mama wa ofisini alikuwa mlangoni mwenyewe, pale tunaposimama sisi asubuhi, na karatasi mkononi bila bahasha. Hakutuita juu. Tulikwenda naye hadi kwenye mashine, planton nyuma yetu na daftari, bila kukohoa, na fundi akaniambia nisome kwa sauti. Mama wachambuaji walisogea. Nilisoma, na mama wa ofisini akafasiri kila nilipokwama. Tulipofika kwenye mstari unaosema miezi mitatu ya majaribio, fundi aliweka kalamu chini.

"Miaka sita," alisema. "Niko najaribiwa nini tena? Mwenye kujaribiwa ni hii mashine."

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anacheka, na mimi nikaona saa ukutani. Nikaanza kumwambia asaini tu, kisha nikajizuia, kwa kuwa ushauri wangu ulikuwa umeshamtosha wiki ile. Mama wa ofisini hakumjibu kwamba ndivyo karatasi zilivyo. Aliusoma mstari ule tena peke yake, akasema, "Uko na haki, papa. Unipe dakika kumi," akapanda ngazi akikimbia.

Tulingoja. Hakuna aliyerudi mezani kwake. Planton alinong'ona kwamba katika miaka yake yote ya kubeba barua juu na chini, hajawahi kuona moja ikirudi juu kwa swali. Dakika kumi zilipita, na nyingine. Kisha mama wa ofisini akashuka, na ule mstari umekatwa kwa kalamu, na pembeni herufi za jina la mkurugenzi. Ilikuwa saa sita kasoro kidogo. Fundi alisaini karatasi mbili, na daftari la planton pia, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyetaka kubaki na shaka. Kisha akaweka kiganja ubavuni mwa mashine na kuuliza nani aliigusa alipokuwa hayupo.

Tangu wiki iliyofuata yule mama alishuka kila Jumatatu, akasimama kati ya meza na kutuambia yaliyomo kwenye karatasi zake kabla hazijawa karatasi. Tulimuuliza maswali, mengine ya kipumbavu. Nimefanya kazi mahali pengi, na nilidhani wakubwa hukaa kimya kwa sababu wanatudharau, nasi hukaa kimya kwa sababu tunawaogopa. Pale niliona kwamba mara nyingine kila upande umekaa tu kwenye ngazi yake, unangoja mwingine aanze. Hatukuwa tukiogopa habari mbaya, maana hiyo tumeizoea. Tulichoogopa ni karatasi inayokuita bila kusema inakuitia nini.

Lakini Ijumaa ile sikufikiri lolote kati ya haya. Fundi alikuwa na mafuta ya mashine hadi kwenye viwiko, na nakala yake ya mkataba hakuwa na mahali safi pa kuiweka. Akanipa mimi. Alisema niishike hadi jioni, nisiikunje. Nikashona magunia mchana wote na karatasi ile ndani ya shati, kifuani, na kila baada ya gunia moja niligusa kuona kama bado ipo.